Mzigo na Tarehe: Majina ya Kokteli Yametoka Wapi?



Kwanza niwatoe hofu. Asiyekunywa asiondoke, na anayekunywa asikae akitarajia kuonjeshwa. Nimekuja na maneno matupu. Ila ni maneno yaliyosafiri sana, na baadhi yake, kama mtakavyoona, yalipita kwenye bahari yetu kabla hayajafika kwenye kaunta za London na New York.

Kokteli ni pombe kali iliyochanganywa na vitu vingine: ndimu, sukari, maji ya matunda, dawa chungu za mitishamba. Kila moja ina jina, na kila jina lina kisa. Ukikaa kaunta na mhudumu anayeipenda kazi yake, atakusimulia. Visa hivyo vina sura moja: yupo mtu mashuhuri, upo usiku wa sherehe, na yupo mhudumu mwerevu aliyebuni kinywaji papo kwa papo akakipa jina la bibi aliyekaa mbele yake. Nimevisoma vingi, na rai yangu ni kwamba vingi ni vya uongo. Sisemi hivyo kwa chuki, maana uongo wenyewe ni mtamu. Lakini mwanaisimu akiletewa kisa kitamu kuhusu neno, ana maswali mawili ya kuuliza kabla hajacheka. Neno hili lilionekana kwenye maandishi mwaka gani? Na vilivyomo ndani ya glasi vilitoka wapi, vikaletwa na nani? Mimi nayaita maswali ya tarehe na mzigo. Mara nyingi jina la kinywaji hutoka kwenye mzigo, kisha watu wakamtafutia mtu wa kumvika sifa.

Tuanze na neno kokteli lenyewe. Watu wa New Orleans husimulia habari za mfamasia Antoine Peychaud, aliyekuwa akiwapimia wateja brandi na dawa yake chungu kwa kikombe cha kuwekea yai. Kikombe hicho kwa Kifaransa huitwa «coquetier». Wamarekani, kwa uzito wa ndimi zao, wakalifanya neno hilo kuwa «cocktail». Kisa safi kabisa. Peychaud alikuwapo kweli, na dawa yake inauzwa mpaka leo. Shida ni tarehe. Peychaud alizaliwa mwaka 1803 hivi, na mwaka huohuo wa 1803 gazeti moja la New Hampshire lilikuwa tayari limelichapa neno «cocktail» kwa maana ya kinywaji. Tarehe 13 Mei 1806 gazeti la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyetaka kujua neno hilo maana yake nini. Mhariri akaeleza kwamba ni pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu. Akaongeza kwa kejeli kwamba kinamfaa sana mgombea wa upande wa pili wakati wa uchaguzi, kwa kuwa mtu aliyekwisha kumeza kitu kile yuko tayari kumeza chochote. Basi msidhani kampeni na pombe vimeanza kuandamana jana. Na Peychaud wetu, siku gazeti lile linatoka, alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Maelezo ninayoyaamini yanatoka kwenye zizi la farasi. Kwa Kiingereza «cock» ni jogoo na «tail» ni mkia. Farasi wa kazi walikuwa wakikatwa mikia, kipande kinachobaki kikasimama juu kama mkia wa jogoo, na kwa kuwa farasi hao hawakuwa wa nasaba safi, neno hilo likaja kumaanisha farasi wa damu mchanganyiko. Mwanahistoria wa vinywaji David Wondrich anashikilia njia nyingine ya zizi hilohilo, nayo ni tangawizi. Wachuuzi wa farasi walikuwa wakimtia farasi aliyechoka tangawizi kwenye tundu la nyuma ili ainue mkia na aonekane kijana mbele ya mnunuzi. Kinywaji cha kumchangamsha mtu kikapata jina lake hapo. Wanafunzi wa hoteli, hiki si kisa cha kumsimulia mgeni akiwa mezani.

Sasa tarehe imevunja visa vingine pia. Inasemekana kokteli ya Manhattan, yaani wiski na vemuthi, ilibuniwa kwenye karamu aliyoiandaa Jennie Jerome, mama yake Winston Churchill, kumpongeza mwanasiasa Samuel Tilden kwa ushindi wake wa mwaka 1874 katika Manhattan Club. Churchill alizaliwa Uingereza tarehe 30 Novemba 1874. Mama mjamzito au mzazi aliye katika arobaini yake, upande mwingine wa Bahari ya Atlantiki, hawezi kuwa mwenyeji wa karamu New York.

Kisa cha Tom Collins kinahitaji uangalifu zaidi, maana hapo tarehe zinaafikiana vizuri mno. Mwaka 1874 mji wa New York uliingiwa na mzaha. Rafiki anakujia mbio: «Umemwona Tom Collins?» Unajibu kwamba humjui. «Basi yeye anakujua. Yuko baa ya pale pembeni, anakutukana mbele za watu.» Damu inapanda, unakwenda, unaingia, unauliza kwa sauti Tom Collins yuko wapi. Walevi wanaangua kicheko, halafu mmoja anakuelekeza baa nyingine ambako, anasema, ameelekea sasa hivi. Magazeti nayo yakaingia mchezoni, yakawa yanaandika kwamba Tom Collins ameonekana mtaa fulani. Mwaka 1876 Jerry Thomas, mhudumu wa baa aliyekuwa na jina kuliko wote Marekani, akatoa toleo jipya la kitabu chake, na ndani yake kukawa na kinywaji kiitwacho Tom Collins. Watu wakahitimisha kwamba yule aliyeingia akiuliza Tom Collins alipewa glasi.

Ningekubali kama si John Collins. Miaka ya 1860 kilikuwa kimekwisha kuchapwa kinywaji cha jin, limau, sukari na maji ya soda kwa jina hilo, na huyu John alikuwa mtu wa nyama na damu: mhudumu mkuu wa hoteli ya Limmer's, London. Jin tamu iliyopendwa zama zile iliitwa Old Tom. Inaelekea basi kwamba kinywaji cha John kilipotengenezwa kwa jin ya Tom, John akawa Tom. Mzaha wa New York ulilisaidia jina kuenea, haukulizaa. Chupa ndiyo iliyolibadilisha.

Sasa tuvuke bahari, na hapa mtanivumilia nikae kidogo, maana tumefika nyumbani.

Kabla ya kokteli kulikuwa na panchi, kinywaji cha bakuli kubwa la kunywea watu wengi. Mwaka 1632 mtumishi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki alikitaja kinywaji hicho katika barua. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba jina linatokana na «panch», yaani tano, kwa Kihindi, Kigujarati na Kimarathi. Ni ndugu wa «panj» ya Kiajemi iliyomo katika jina la Punjab, nchi ya mito mitano. Vitano vyenyewe ni araki, ndimu, sukari, maji na kiungo, mara nyingi kungumanga. Wako wanaopinga. Wanasema mapishi ya zamani hayakushika hesabu ya vitano, na kwamba Waingereza walikuwa na neno «puncheon», pipa, ambalo lingeweza kufupishwa. Pingamizi hilo lina uzito, silibezi. Lakini autazame mzigo anayebisha. Mabaharia wa Kampuni walitoka kwao na bia na mvinyo, vikaharibika njiani kwa joto. Walipofika Surat walikuta pombe ya wenyeji, ndimu na sukari. Kila kilichoingia kwenye bakuli lile kilitoka upande huu wa dunia. Surat ndiyo bandari ya Gujarat ambayo nguo zake zilikuwa zikishushwa Mombasa, Lamu na Pate. Mimi niko upande wa tano.

Na mkilitazama bakuli lile kitu kwa kitu, mtakuta maneno mnayoyatumia jikoni kila siku. Araki ni neno la Kiarabu lenye maana ya jasho. Aliyewahi kuona gongo ikipikwa, pipa likichemka, mrija ukipozwa kwa maji na matone yakianza kudondoka moja moja kwenye chupa, hahitaji kamusi kujua kwa nini Waarabu waliiita jasho. Sukari imetoka kwenye Kisanskriti, ambako neno lake lilimaanisha pia changarawe. Ikapita Uajemi, ikaingia Kiarabu, na kutoka hapo njia zikagawanyika: moja ikaja kwetu, nyingine ikapanda Italia na Ufaransa mpaka Uingereza. Limau nalo lina njia hiyohiyo. Mswahili hakulikopa limau kwa Mwingereza, wala Mwingereza kwa Mswahili. Wote wawili wamechota kisima kimoja.

Hata asiyekunywa pombe anayo hisa hapa. Kiarabu kina mzizi wa herufi tatu, shini, rei na bei, wenye maana ya kunywa. Kwetu umetupa sharubati, ile ya maembe na ya ukwaju inayowekwa mezani wakati wa kufuturu. Ulaya umezaa majina ya asali ya sukari, ya barafu tamu ya matunda, na ya «shrub», kinywaji cha ramu, maji ya matunda na sukari kilichopendwa sana Uingereza katika karne ya 18. Baa za kisasa zimekifufua. Kwa bahati mbaya neno hilo kwa Kiingereza lina pacha lenye maana ya kichaka, na wateja wengi hudhani wanakunywa majani. Wanakunywa sharubati.

Julepu ni hivyo hivyo. Marekani ya kusini huiona ni yao kabisa: wiski ya mahindi, sukari, mnanaa na barafu iliyopondwa, katika kikombe cha fedha, siku ya mbio za farasi za Kentucky. Jina ni la Kiajemi. «Gul» ni waridi, «ab» ni maji. Kiarabu kikalitamka «julab», na waganga wa Ulaya wakalitumia kwa maji matamu ya kumezea dawa, karne nyingi kabla Mmarekani hajatia mnanaa. Yaani mtu wa Kentucky anayenyanyua kikombe chake ametaja, bila kujua, yale marashi ya waridi ambayo mwambao huu huwarashia wageni wa harusi kwa mrashi.

Ndivyo ilivyo pia kwa todi, kinywaji cha moto wanachokunywa Waskoti wakiwa na mafua: wiski, asali, maji moto. «Tari» kwa Kihindi ni utomvu unaogemwa kwenye mvumo na jamii nyingine za minazi na mitende, ukaachwa uchache. Ni tembo. Jina la kinywaji cha mgema wa nchi ya joto limeishia kwenye nyumba za baridi kali kuliko zote za kisiwa cha Uingereza.

Na tukishamtaja mgema, hatuwezi kumwacha Vernon. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Edward Vernon hakungoja kusifiwa, alilitia. Alikuwa admirali wa Uingereza katika bahari ya Karibi, na tarehe 21 Agosti 1740 alitoa amri kwamba ramu ya mabaharia isigawiwe tena kavu, ichanganywe na maji sehemu nne kwa moja, igawiwe mara mbili kwa siku mbele ya afisa. Mabaharia walichukia. Vernon alikuwa na mazoea ya kuvaa koti la kitambaa kizito kiitwacho «grogram», hivyo walimwita Old Grog, na maji yake yale wakayaita grogi. Kisa hiki kina mtu mashuhuri ndani yake, nami nakikubali, kwa sababu kina amri iliyoandikwa, siku na mzigo. Kutoka hapo Kiingereza kikapata neno la kumwelezea mtu anayepepesuka. Jina la Vernon mwenyewe lilipata heshima kubwa zaidi kwingineko: Lawrence Washington, aliyepigana chini yake, aliliita shamba lake Mount Vernon, na baadaye likawa makazi ya mdogo wake George, rais wa kwanza wa Marekani. Jeshi la Majini la Uingereza liliendelea kugawa ramu kila siku hadi tarehe 31 Julai 1970.

Margarita ndiyo yenye wake wengi. Karibu kila mji wa Mexico unaopakana na Marekani unaye Margarita wake, mcheza dansi au mke wa tajiri, ambaye tekila, ndimu na pombe ya machungwa vilichanganywa kwa ajili yake. Mwaka 1937, hata hivyo, kitabu cha kokteli kilichotoka London kilikuwa tayari na mchanganyiko huohuo kwa jina la Picador. Na kwa Kihispania margarita si jina la mwanamke tu, ni ua dogo jeupe lenye kiini cha manjano. Kiingereza huliita ua hilo «daisy», na «daisy» lilikuwa jina la jamii nzima ya vinywaji Marekani tangu karne ya 19: pombe kali, ndimu, kitu cha kutia utamu. Ukimtafsiria mteja wa Tijuana, Mexico, «daisy» ya tekila, umepata margarita. Hakuna bibi aliyehitajika.

Ua lenyewe nalo lilipewa jina la kitu kingine. Margarita, kwa asili yake ya Kigiriki cha kale, ni lulu. Neno hilo liliingia Kiaramu, na wanazuoni wa lugha za Kisemiti wanaona ndilo lililozaa marjani ya Kiarabu, ambayo kwetu ni marijani, ile johari nyekundu ya baharini. Kwa hiyo akina Marijani wa Dar es Salaam na akina Margarita wa Tijuana ni ndugu wa jina.

Nipite haraka kwa mengine. Daiquiri ni mahali, ufukwe wenye machimbo karibu na Santiago de Cuba, ambako jeshi la Marekani liliteremka mwezi Juni 1898. Pombe ikafuata wahandisi wa machimbo. Piña colada ni nanasi lililochujwa, na nanasi letu, kupitia Wareno, linatoka kwa Watupi wa Brazil. Vemuthi ya kwenye Manhattan na martini ni neno la Kijerumani, «Wermut», yaani pakanga, mmea mchungu ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kama jina la ile nyota ya Ufunuo iliyoyatia maji uchungu. Bellini ni heshima ya mwenye baa wa Venice kwa mchoraji Giovanni Bellini.

Jina moja la kokteli haliandikwi kwenye orodha ya bei. Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti uliivamia Finland, na waziri wake wa mambo ya nje, Vyacheslav Molotov, akadai kwamba ndege zao hazidondoshi mabomu bali chakula kwa wenye njaa. Wafini wakayaita mabomu yale vikapu vya mikate vya Molotov. Kisha wakasema mgeni aliyeleta mkate anastahili kinywaji cha kuuteremshia, wakavirushia vifaru chupa za petroli zenye utambi, kokteli za Molotov. Chupa hizo zilijazwa kwa mamia ya maelfu na shirika la serikali lililokuwa na haki pekee ya kuuza pombe nchini humo. Hapo mtu mashuhuri yumo kwenye jina kweli, ila aliingizwa na maadui zake.

Nimalizie kwetu. Konyagi ni Cognac, mji wa Ufaransa unaotengeneza brandi ya zabibu, ya rangi ya kahawia. Kiswahili kilipolichukua kiliita hivyo brandi yoyote. Leo ukiagiza Konyagi Tanzania unaletewa pombe nyeupe kama maji, ambayo kwa ladha iko karibu zaidi na jin. Jina limebaki, mzigo umebadilika kabisa.

Waragi ya Uganda ina kisa ambacho nimekisikia hata kwa wasomi: kwamba maafisa wa Kiingereza waliiita «war gin», jin ya vita, na wenyeji wakaitamka waragi. Kinavutia. Lakini Sudan pombe ya kukeneka huitwa «aragi», kwa kuwa wao hutamka g pale Waarabu wengine wanapotamka qaf. Na askari wa Kisudani, wazee wa Wanubi wa Bombo na Kibera, waliingizwa Uganda katika miaka ya 1890, na Wanubi ndio waliojulikana kote Afrika Mashariki kwa kukeneka pombe hiyo. Neno lilikuwapo, wapishi walikuwapo, mzigo ulikuwapo, kabla Mwingereza hajatafuta jina la vita. Waragi ni araki, jasho lilelile la bakuli la Surat, safari hii likiwa limepanda na Mto Nile. Chapa ya Uganda Waragi ilikuja baadaye sana, mwaka 1965.

Ninayoipenda kuliko zote ni Dawa. Mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, ndio ulioipa umaarufu: vodka, ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichoviringishwa asali ambacho mnywaji hukikorogea mwenyewe, akiongeza utamu apendavyo. Ni jamaa wa karibu wa caipirinha ya Brazil. Mtalii hudhani jina ni utani, naye mhudumu huliuza kama utani. Kumbe ndilo jina lenye haki kuliko yote. Dawa chungu iliyoifanya kokteli iwe kokteli mwaka 1806 ilikuwa dawa ya tumbo. Peychaud alikuwa mfamasia. Angostura, chupa iliyopo karibu kila kaunta duniani, ilianza kuuzwa mwaka 1824 na Johann Siegert, daktari Mjerumani wa jeshi la Simón Bolívar, katika mji wa Venezuela ulioitwa Angostura. Julepu ilikuwa ya kumezea vidonge. Na mikahawa ya Kenya leo inauza dawa isiyo na kileo, ya tangawizi, limau na asali, kwa wenye mafua.

Ombi langu kwenu wanafunzi ni dogo. Majina mapya yanazaliwa kwenye baa na vibanda vya sharubati kila wiki, na hakuna anayeyaandika. Mkikutana na jina jipya, andikeni tarehe, mahali, vilivyomo kwenye glasi na vilikonunuliwa. Mkisimuliwa na kisa chake, kiandikeni pia, ila kwenye ukurasa mwingine.